Fundi wa Modeli Anajibu: Mkia wenye milia umelemea

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninajenga modeli ya kurusha kwa rimoti ya ile Dornier Do 27 yenye milia ya pundamilia, ndege ya akina Grzimek, baba na mwana Wajerumani waliochunguza wanyama kule Serengeti. Kipimo ni 1:8, mbao ni balsa na plaiwudi, mota ni ya umeme. Rafiki yangu anayepaka magari amenipulizia mkia kwanza: praima, nyeupe mara mbili, kisha milia. Umependeza, lakini sasa ndege inalalia nyuma hata betri nikiisukuma hadi mwisho wa pua. Niongeze vipande vya risasi puani? (Msomaji, Karatu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Risasi iache kwanza. Punguza rangi.

Chukua rula upime. Kwa modeli ya ukubwa huo, mkia utakuta uko kama sentimita 75 nyuma ya kitovu cha uzito, na pua kama sentimita 30 tu mbele yake. Basi kila gramu 10 za rangi mkiani zinadai gramu 25 puani, na mabawa yatabeba gramu 35 zisizo na kazi yoyote. Ndege nzito hutua kwa kasi, na Do 27 sifa yake kubwa ilikuwa kupaa na kutua pafupi, penye nyasi na mawe. Ukiinyima hilo, umbo litabaki lakini mwendo si wake.

Praima ya magari imetengenezwa kuziba mikwaruzo ya bati. Balsa inainywa tu. Ikwangue kwa msasa mkavu namba 240, polepole, mpaka mbao ionekane. Thina usiiguse, itazamisha rangi ndani zaidi.

Kisha funika ndege nzima kwa ile plastiki nyembamba ya kubandika kwa pasi, nyeupe. Anza upande wa chini, umalizie juu, maungio yasionekane. Milia ikate kwenye plastiki nyeusi ya aina hiyo hiyo, uibandike kwa moto mdogo kuliko wa mwanzo, ukianzia katikati kuelekea kando ili hewa itoke. Moto ukizidi utapata malengelenge. Na milia usiichore kwa rula! Tafuta picha za ndege yenyewe, uifuate mmoja mmoja. Huko Karatu pundamilia hawako mbali, utaona haraka mlia wa uongo.

Jambo moja watu hulisahau: milia huchanganya macho. Ndege ikiwa mbali hutajua inakuja au inakwenda, imelalia kushoto au kulia. Mimi ningeacha chini ya bawa moja jeupe tupu, hata kama si sahihi kihistoria. Pia usiiache juani kabla ya kuruka, maana nyeusi hushika joto na plastiki hulegea.

Do 27 halisi ina mabawa ya mita 12, yako ni mita 1.5, na upana wa bawa, toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, ni kama sentimita 20, shinani na nchani vilevile. Kwa mruko wa kwanza isawazishe sentimita 5 hadi 5.5 nyuma ya ukingo wa mbele, betri ikiwa ndani. Ikiwa bado inalalia nyuma, sogeza mbele servo za mkia (vimota vidogo vinavyogeuza usukani wake) kabla ya kufikiria risasi.

Nimefurahi umechagua ndege hii. Michael Grzimek alikufa ndani yake tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, baada ya kugongana na tai mzoga. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake Bernhard yuko hapo pia. Walikuwa wakihesabu wanyama toka angani. Kwa hiyo andika namba yake ya usajili, D-ENTE, ubavuni, kwa herufi zilizopimwa kutoka kwenye picha.

Kabla ya kurusha, waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali, na uwanja uwe nje ya hifadhi.