Kabla ya kuvuta tela la kulala, lipeleke mizani

Kazi yangu ni lori, na huku Marekani mtu wa lori na mizani hawaachani. Ndiyo maana kila ikikaribia likizo ya watoto simu zinaanza: shemeji kanunua tela la kulala, lile lenye vitanda, jiko na choo, na anauliza kama pikapu yake italivuta. Kuvuta italivuta. Mimi humuuliza kama italibeba.

Muuzaji anakuonyesha uwezo wa kuvuta, tuseme pauni 9,500, na tela limeandikwa pauni 5,500. Unaona umebakiza nafasi tele. Lakini hizo 5,500 ni za tela tupu lilivyotoka kiwandani. Galoni moja ya maji ni pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa ni zaidi ya pauni 330. Weka mitungi ya gesi, betri, viti vya kukunja, mkaa, vyombo, na lile begi la mama mkwe ambalo hakuna anayethubutu kuuliza lina nini. Tela hilo linaingia barabarani na pauni 6,800 bila mtu kushtuka.

Sasa fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo kwenye nguzo. Kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Tuseme ni pauni 1,500. Shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, inaukandamiza mkia wa pikapu, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo. Tela likiwa sawa, shingo hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa tela letu chukua 880. Baba, mama na watoto watatu, 600. Chuma cha kufungia tela chenyewe, 90. Jumla 1,570. Umeshazidisha, na boksi la barafu bado liko sebuleni! Kwa pikapu nyingi za kawaida hapa ndipo mambo huharibika, wakati ule uwezo wa kuvuta haujaguswa hata kidogo.

Hesabu za mezani ni za kununulia. Za kusafiria zinatoka mizani. Waliozoea mizani ya Vigwaza au Mariakani wasiogope, hii unaiendea mwenyewe na hakuna wa kukupiga faini. CAT Scale wana mizani kwenye vituo vya malori kandokando ya barabara kuu, Marekani na Kanada. Unalipa dola kumi na kitu mara ya kwanza, na ukirudi kupima ndani ya saa 24 unalipa kidogo tu. Kile kitufe cha kumwita karani kimewekwa juu, usawa wa dirisha la lori, kwa hiyo ukiwa na pikapu ni rahisi kutumia programu yao ya simu.

Nenda ukiwa umepakia kama siku ya safari: familia ndani, tangi la mafuta limejaa. Magurudumu ya mbele ya pikapu yakae bamba la kwanza la mizani, ya nyuma la pili, ya tela la tatu. Mtu ashuke atazame. Tairi likikanyaga ufa kati ya mabamba mawili, karatasi ya vipimo utakayopewa itupe.

Pima mara tatu. Kwanza vile vyuma vya kugawanya uzito, vinavyofungwa shingoni kurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele ya pikapu, vikiwa vimekazwa, kisha vikiwa vimelegezwa, mwisho pikapu peke yake, tela umeliegesha pembeni. Tuseme vyuma vikiwa vimelegezwa ekseli mbili za pikapu zina 2,940 na 4,140, yaani 7,080, na pikapu peke yake ni 6,200. Tofauti, 880, ndiyo shingo. Ekseli za tela zikiwa na 5,920, jumlisha hiyo 880 upate uzito kamili wa tela, 6,800. Shingo ni kama asilimia 13, vizuri. Halafu chukua karatasi ya kwanza, linganisha kila ekseli na kikomo chake mlangoni, na tela na kibandiko chake. Ekseli ya mbele usiipite haraka: ikinyanyuliwa sana, usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki lami. Kitabu cha gari kinasema vyuma virudishe uzito kiasi gani mbele.

Shingo ikiwa chini ya asilimia 10, usitoke. Tela litaanza kuyumba, na lori likikupita kwa kasi ndipo mkia unaanza kuiendesha pikapu. Nimeyaona hayo kwenye vioo vyangu, na mara nyingi nyuma ya tela kulikuwa na baiskeli nne zimening'inia, zikiipunguzia shingo uzito.

Ikiwa umezidi kidogo, mwaga maji ukajaze ukifika, lakini pima tena, kwa sababu tangi likiwa nyuma ya ekseli kulimwaga kunaongeza uzito wa shingo. Ikiwa umezidi sana, usikubali fundi akuuzie springi za hewa. Mkia utanyanyuka, ila kibandiko cha mlangoni kitabaki na namba ileile. Hapo ni tela dogo au pikapu kubwa.

Na tafadhali, ukishapimwa ondoka kwenye mabamba, kaegeshe, ndipo usome karatasi. Nyuma yako kuna mtu anahesabu saa zake za kazi.