Yakhe, usinunue 50 kwa mpigo

Yakhe umeuliza ukinunua majina 50 ya domeni, yaani anwani za tovuti, leo uje uyauze faida itakuja lini, mi nakwambia anza na matatu tu, maana kila jina linalipiwa kila mwaka hata kama halijauzwa na hapo ndo wengi wanapokwama. Mi langu la mwanzo lilikuwa la safari za majahazi Nungwi, maneno ya kawaida tu, nikakaa nalo miezi 14 mpaka nahodha mmoja akalitaka. Jina la hoteli ya mtu usiguse kabisa! Mwenye alama ya biashara anaweza kukushitaki WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki na alama za biashara, ukanyang'anywa bila kulipwa hata senti. Jengine, .com ikiwa mpya, siku 60 za mwanzo kwa kawaida huwezi kuihamishia kwa msajili mwengine, yaani kampuni nyengine inayosajili majina, mnunuzi mwambie mapema.