Ndiyo, pengwini wapo ikweta

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Galápagos kuna pengwini, ilhali ikweta inapita pale pale. Ni kweli kabisa. Visiwa hivyo vya Ekuador viko kama kilomita 1,000 magharibi ya pwani yake, na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini huwaletea pengwini samaki. Wengi wao wako kwenye visiwa vya Isabela na Fernandina.

Ila mimi wananivutia zaidi iguana wa baharini, mijusi wakubwa weusi. Wanapiga mbizi kula mwani, kisha wanapanda kuota jua kwenye mawe ya volkano, wamelaliana, huku wakipiga chafya za chumvi mpaka vichwa vinaingia weupe. Hawapatikani kwingine duniani!

Wanaoniuma moyo ni kobe. Wawindaji wa nyangumi waliwapakia melini wakiwa hai ili wawale safarini, maana kobe hao huweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji. Baadaye mbuzi walioletwa na watu wakawamalizia malisho. Kobe wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyeitwa Lonesome George, alikufa Juni 2012.