Jeki kavu usiifungue: kwa wadogo zangu wa gereji

Juzi tena nimekuta vijana wameishusha jeki ya tipa, ile ya haidroliki inayoinua bodi ya mzigo, wameilaza juu ya magunia, sili mpya, zile raba za kuzuia mafuta, ziko kwenye mfuko mweusi. Nikauliza mafuta yalikuwa yanavujia wapi. Kimya. "Bodi ilikuwa inashuka yenyewe, mkubwa." Sawa, inashuka. Mafuta yaliyokuwa yameishikilia yamekwenda wapi?

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema hapa Uyole, Mbeya, kila wakija wapya, na nyie wa sasa nawapenda.

1. Fuata mafuta kabla ya kushika spana. Jeki za tipa nyingi zinazotufikia ni za njia moja: mafuta yanasukuma juu, uzito wa bodi unarudisha chini. Sili ikichoka, mafuta yanatoka nje na utayaona yakichuruzika kwenye hatua za jeki, zile tyubu zinazochomoza moja ndani ya nyingine. Kama jeki ni kavu, hozi kavu, tangi halipungui na bodi bado inashuka, basi mafuta yanarudi tangini kwa ndani. Wa kwanza kushukiwa ni kontroli, ile valvu inayoyazuia au kuyaruhusu mafuta kurudi tangini. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo, ni habari nyingine: jeki zake ni za njia mbili, mafuta yanaweza kupita sili ya pistoni kutoka upande mmoja kwenda wa pili na nje usione hata tone. Kwa hiyo ukitoka kujifunza kwenye kijiko, usije na jibu lako mfukoni.

2. Sili mpya si dawa ya kila kitu. Hili nalisema kwa uchungu, maana nililipia. Tipa ya kokoto ililetwa na ugonjwa huuhuu, na mimi ndiye niliyemwambia tajiri kwa kujiamini, "Sili hizo, bosi." Tukakodi winchi, tukashusha jeki, tukaweka sili, tukapandisha. Bodi ikashuka vilevile. Nikasema sili ni feki. Tajiri akanunua nyingine, za bei mbaya zaidi, na safari hii nikiwa na hasira nikachokonoa ile ya zamani kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza. Ikaacha mstari kwenye kromu ya tyubu, mfupi, ukipitisha ukucha unakwama. Tukapandisha tena: bodi inashuka, na sasa jeki inavuja kweli kweli! Tajiri hakupiga kelele, alikaa tu kwenye tairi akipiga hesabu kwenye simu. Aliyetuokoa ni utingo wake, kijana wa Igurusi, aliyeuliza kwa upole, "Kaka, mbona ilipokuja ilikuwa kavu?" Tulipofungua kontroli tukakuta uzi wa ile tepu nyeupe ya mabomba umebanwa kwenye kiti cha valvu, haiwezi kufunga. Nani aliizungusha tepu kwenye koneksheni ya haidroliki? Gereji yetu, tulipobadilisha hozi kabla ya hapo. Tyubu ile ya jeki nilikatwa kwenye malipo yangu, na nilistahili.

Tepu hiyo ni ya mafundi bomba. Waachieni.

3. Geji ya presha kwanza. Pampu inasukuma mafuta tu. Presha inaletwa na mzigo. Tipa ikigoma kuinua, pima kabla hujaihukumu pampu. Na ile skrubu ya valvu ya usalama, inayoachia presha ikizidi, usiikaze eti tajiri anataka kubeba zaidi.

4. Pampu inayolia asubuhi si lazima iwe imekufa. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kinachoyasukuma mafuta kutoka tangini hadi kwenye pampu ni uzito wa hewa, na hapa tunao kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar. Ongeza baridi ya Julai na mafuta mazito ya namba 68, pampu inanyimwa chakula. Gari lilikuwa kimya Pwani, likifika kwetu linapiga mayowe. Safisha chujio, kaza klempu za hozi ya kunyonyea, zibua tundu la pumzi kwenye kifuniko cha tangi (limejaa tope, nenda kaangalie sasa hivi), kisha ndiyo tuzungumze kuhamia mafuta mepesi zaidi, namba 46. Mafuta yakiwa na povu, yaache yalale. Asubuhi yakiwa safi ilikuwa hewa, yakibaki na weupe wa maziwa ni maji.

5. Bodi iliyo juu huiingii chini bila nguzo, hata kwa sekunde, hata dereva akiapa. Na hozi yenye presha usiipapase kwa kiganja kutafuta mvujo. Pitisha kipande cha boksi. Mafuta yakitoboa ngozi, nenda hospitali saa ileile hata kama hupati maumivu, na mwambie daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, kwa sababu yeye ataona kidoa tu na anaweza kukupa panadol urudi nyumbani.