Kitabu cha jua kwa mtoto wa miaka sita

Dada, umeuliza kitabu cha picha cha kumweleza binti yako kazi ya jua. Anza na Living Sunlight cha Molly Bang na Penny Chisholm, cha mwaka 2009. Humo jua lenyewe ndilo linalosimulia. Linamwambia mtoto aweke mkono kifuani, asikie moyo unavyodunda na mwili ulivyo na joto, kisha linamweleza kwamba joto hilo ni mwanga wake. Hapo usanisinuru unaingia bila mtoto kuogopa neno: jani linashika mwanga, linatengeneza sukari, sisi tunakula. Chisholm ni mwanasayansi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, anayechunguza viumbe wadogo wa baharini, kwa hiyo sayansi yake naiamini kabisa. Mkishakimaliza vipo Ocean Sunlight (2012), kuhusu bahari, na Buried Sunlight (2014), kuhusu makaa ya mawe na mafuta.

Ni vya Kiingereza, lakini mimi husoma picha na kusimulia kwa Kiswahili, na watoto wanauliza maswali mengi zaidi hivyo. Kwa mfano, hadithi ya jua lililo ndani ya ugali tunaianza kwenye shina la mahindi.

Jambo moja tu: vitabu vingi huchora jua dogo kama chungwa kando ya dunia. Mwambie kipenyo chake ni kama dunia 109 zilizopangwa mstari, na mwanga wake hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Na asilitazame jua moja kwa moja, hata kwa miwani ya kawaida ya jua.