Jicho kuingia giza kwa dakika chache, kisha nuru kurudi

SWALI: Nina umri wa miaka 58 na ninatumia dawa za shinikizo la damu. Jana jioni jicho la kulia liliingia giza ghafla, kama pazia lililoshuka kutoka juu, na baada ya dakika tano hivi nikaona tena, bila maumivu yoyote. Je, kuna haja ya kwenda hospitali ilhali sasa ninaona vizuri?

JIBU: Ipo haja, tena nakusihi uende leo hii. Kwa mtu wa umri wako mwenye shinikizo la damu, daktari atashuku kwanza kwamba kipande kidogo cha damu iliyoganda, au cha mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa shingoni, kilibanduka na kuziba kwa muda mshipa unaolisha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, kisha kikasagika na damu ikapita tena. Mshipa huo wa shingoni ndio unaopeleka damu kwenye ubongo pia; kwa hiyo kipande kingine kinaweza kuleta kiharusi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo. Kutosikia maumivu, jambo linalowatuliza wengi, ndiyo kawaida ya tatizo hili.

Utapimwa shinikizo, sukari, lehemu (mafuta yaliyomo kwenye damu), ultrasaundi ya mishipa ya shingo, na mapigo ya moyo, kwa sababu moyo unaopiga bila mpangilio nao hutengeneza mabonge ya damu. Usijianzishie aspirini, daktari ndiye atakayeamua.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, nami nisingependa lipite. Je, kichwa kinakuuma kwenye panja, ngozi ya kichwa inauma unapochana nywele, au taya linachoka unapotafuna? Dalili hizo, kwa mtu aliyepita miaka 50, huashiria kuvimba kwa kuta za ateri, yaani mishipa ya damu, za kichwani, ambako unaweza kupofusha jicho moja na baadaye la pili, na upofu huo kwa kawaida haurudi nyuma. Ukiwa nazo, mwambie daktari mara tu unapofika, kwani dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe huo, huanzishwa hata kabla ya majibu ya vipimo kukamilika.

Usiendeshe gari mwenyewe kwenda huko. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kwa dakika moja, omba gari la wagonjwa papo hapo.