Jiko la Wasomaji: Keki ya kipaimara, mzio na jua la Dodoma

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nyumba imejaa wageni, jua linawaka, na yupo mtoto mmoja asiyeweza kula wanachokula wenzake. Tumechagua zinazowagusa wengi. Majibu mengine ni marefu. Yasome kabla hujawasha jiko, si baada.

*Binti yangu anapata kipaimara mwezi ujao. Watoto wawili wa wifi yangu wana aleji, mmoja ya mayai na maziwa, mwingine ya karanga. Nataka keki moja ya chokoleti wale wote, lakini kila ninayooka bila mayai inapanda vizuri halafu inabonyea katikati kama sahani. Vipimo nafuata vya intaneti, sikosei hata kijiko. Mama wa Ilazo, Dodoma.*

Mama, huenda kosa liko kwenye hivyo vipimo. Vingi huandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi usawa wa bahari, na Dodoma iko juu yake kwa mita 1,100 na ushee. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo povu la soda hutanuka haraka na kwa nguvu kuliko Tanga au Dar es Salaam. Keki yenye mayai huvumilia, kwa sababu yai likiiva hukaza kuta za keki. Isiyo na mayai haina nguzo hiyo. Povu hupasuka kabla unga haujashika, na katikati panaporomoka.

Chukua unga wa ngano gramu 190 (kikombe kimoja na nusu), sukari gramu 185, kakao vijiko vikubwa vitatu, chumvi nusu kijiko cha chai, na soda ya kuokea robo tatu ya kijiko cha chai. Vipimo vya intaneti vitakuambia kijiko kizima cha soda. Hiyo robo tuliyopunguza ndiyo dawa ya kubonyea. Chekecha vyote pamoja. Pembeni changanya maji mililita 260, mafuta ya alizeti mililita 80, siki kijiko kikubwa kimoja, na vanila ukipenda. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 185, na chombo cha sentimita 22 kimeshapakwa mafuta na kutandikwa karatasi. Hapo ndipo umimine maji kwenye unga, koroga mpaka usione unga mkavu, na ingiza jikoni papo hapo. Soda na siki zikikutana kazi imeanza. Rojo likisubiri dakika kumi huku unampokea mgeni mlangoni, povu limekwisha kazi kwenye bakuli. Oka dakika 30 hadi 35 na usifungue mlango kabla ya dakika ya 25.

Kwa wageni 40 zidisha mara nne na oka kwenye treya mbili za sentimita 23 kwa 33. Usizidishe kina cha keki, maana keki nene isiyo na mayai haiivi katikati.

Sasa lebo. Kakao iwe kakao tupu. Unga wa kinywaji cha chokoleti mara nyingi una maziwa, na mwingine una kimea cha shayiri. Kwenye lebo za Kiingereza maziwa hujificha kwa majina ya whey, casein na milk solids. Majarini nyingi zinayo, ndiyo maana hapa tumetumia mafuta. Ukiona may contain nuts au may contain milk, rudisha rafuni.

Mtoto wa karanga humlindi kwa kuacha karanga kwenye keki tu. Usitwange iliki kwenye kinu kilichotwangiwa karanga. Mti hunywa mafuta ya karanga na hakuna kuosha kutakakoyatoa. Vivyo hivyo mwiko wa mti na chekecheo la zamani. Tumia bakuli la chuma au kioo, mwiko wa chuma au silikoni, na nawa mikono kwa maji na sabuni. Ile dawa ya mikono ya kupaka bila maji huua vijidudu lakini protini ya karanga huiacha palepale.

*Jirani ana mtoto ambaye daktari amesema asiguse ngano. Nina mtama mwingi wa shambani. Nikiokea keki inakuwa kama mchanga mdomoni na inavunjika nikiikata. Mkulima wa Bahi.*

Mtama ni jibu zuri, ila hauwezi kufanya kazi peke yake. Ngano ina gluteni, utomvu unaovutika na kushika keki. Mtama hauna hata chembe. Lazima uusaidie.

Chagua mtama mweupe, maana mwekundu una ukakasi. Changanya unga wa mtama gramu 150, unga wa mchele gramu 75, na wanga wa mahindi gramu 75, ule mweupe laini wa kukolezea mchuzi. Unga wa mahindi wa ugali sio. Weka sukari gramu 180, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai matatu, mafuta mililita 120, tui la nazi mililita 240, iliki na ganda la chungwa lililokunwa. Koroga, funika, acha dakika 30. Hicho ndicho kinachoondoa mchanga: punje za unga wa mtama ni ngumu na zinahitaji muda wa kunywa maji. Beking pauda vijiko viwili vya chai vinaingia mwishoni kabisa, baada ya kusubiri. Mimina kwenye vikombe vidogo vya keki, kama 16, oka nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 22. Usiokee kwenye chombo kikubwa, kitabonyea. Na usikate wala kumenya karatasi kabla hazijapoa kabisa, maana wanga hukaza unapopoa.

Kama na mayai hayaruhusiwi, kila yai moja weka kijiko kikubwa cha mbegu za chia zilizosagwa na maji vijiko vitatu, acha dakika kumi zivute. Keki itakuwa nzito kidogo. Watoto hawajali.

Lebo ya beking pauda nayo isome: nyingi hukaushwa kwa wanga wa mahindi, baadhi kwa wanga wa ngano.

Hatari kubwa zaidi lakini iko mashineni. Mashine inayosaga mtama wako asubuhi hii ndiyo iliyosaga unga wa lishe jana jioni, na unga wa lishe una karanga, soya na mara nyingine ngano. Mabaki hubaki kwenye mashine na kwenye mfuko wa kupokelea unga. Nenda wa kwanza asubuhi, omba isafishwe, saga kwanza kilo mbili za mtama wa kulisha kuku, kisha saga za mtoto na uzipokee kwenye ndoo yako mwenyewe. Hata hivyo kwa mtoto mwenye mzio mkali wa karanga, au mwenye siliaki, yaani ugonjwa ambao chembe kidogo tu ya gluteni humdhuru mtu, njia hiyo haitoshi. Osha mtama nyumbani, kausha kwenye mkeka ambao haujawahi kuanikiwa karanga, saga kwa blenda safi na chekecha mara mbili. Inachosha, lakini hakuna mkato.

Ukiwa na uwele badala ya mtama, saga siku moja kabla ya kuoka, si zaidi. Unga wa uwele una mafuta mengi na kwa joto hili huwa mchungu ndani ya siku chache.

Tena, mwambie jirani: kama daktari alishuku siliaki lakini vipimo vya damu bado, mtoto asiachishwe ngano kabla ya vipimo. Akishaacha, vipimo vinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

*Mjukuu wangu akinywa maziwa ya ng'ombe anatoka vipele na midomo inavimba. Nimeambiwa nimpikie maandazi kwa maziwa ya mbuzi. Bibi, Kongwa.*

Shikamoo Bibi. Usimpe. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa moja hudhurika na nyingine pia. Mtindi na mgando haviponyi. Hivyo humsaidia mtu ambaye tumbo lake halimeng'enyi sukari ya maziwa, anayejaa gesi na kuharisha; vipele na kuvimba midomo ni jambo jingine kabisa. Maandazi yake kanda kwa tui la nazi. Kama unapenda uchachu wa mgando, koroga unga mweupe wa ubuyu vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe cha tui na uchuje. Ubuyu una tindikali ya kutosha kuamsha soda, na pektini yake huongeza uzito. Uwe ubuyu wa asili, si ule mwekundu wa kumung'unya. Ila usiweke magadi badala ya soda: magadi ni makali zaidi na andazi litanuka sabuni.

*Zabibu zangu zinazama chini ya keki. Na je, mwenye pumu anaweza kula? Msomaji, Mpwapwa.*

Rojo lako ni jepesi mno. Kuzipaka unga husaidia kidogo, kuzikata vipande vidogo husaidia zaidi. Mbichi zina maji mengi, zitumie juu ya keki tu. Kuhusu pumu, zabibu kavu za pakiti zenye rangi ya dhahabu huhifadhiwa kwa salfaiti, ambayo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Ulizokausha mwenyewe juani hazina.

*Nimealika watu 40 kwa ubatizo, najua watakuja 70. Umeme haueleweki. Siagi ya aisingi inayeyuka nikiitazama. Na kila mtu anaingiza mkono kila sinia. Nitamlindaje mgeni wangu mwenye mzio wa karanga? Dada wa Area D.*

Anza na siku. Oka jana yake. Keki ya mafuta, kama ile ya Ilazo hapo juu, hukaa siku mbili bila friji na siku ya pili ni laini zaidi. Hewa ya Dodoma ni kavu, kwa hiyo ifunike mara tu inapopoa, la sivyo asubuhi utakuta kingo zimekuwa biskuti. Umeme ukikatika, tumia mkaa: sufuria kubwa yenye kifuniko bapa, tabaka la mchanga mkavu la sentimita mbili, pasha dakika 15, weka chombo cha keki ndani, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Wanaounguza chini huwa wamegeuza hesabu hiyo.

Aisingi ya siagi kwa miezi hii ni kujitesa. Siagi hulainika kabla ya nyuzi 30 na huyeyuka karibu na 35. Tumia mafuta mgando ya mimea gramu 190, sukari laini ya aisingi gramu 450, maji vijiko vikubwa viwili au vitatu, na chumvi kidogo, upige dakika tano. Haina maziwa na husimama mezani. Au fanya nyepesi: sukari hiyo gramu 250 na maji ya ndimu vijiko vikubwa vitatu, umimine juu. Hapa ukavu ni rafiki yako, ndani ya nusu saa imekauka ganda.

Sasa karanga. Dodoma ni nchi ya karanga. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakashindwa na kuondoka ndani ya miaka michache, karanga zikabaki kwa wenyewe. Zitakuja tu, kama si kwenye kashata za shangazi basi kwenye mchicha wa nazi. Ushauri wetu: siku hiyo karanga zisiingie kabisa, na uwaambie mapema wanaoleta vyakula. Kibandiko juu ya sinia hakisomwi na mtu mwenye njaa. Kama haiwezekani, mgeni huyo apakuliwe wa kwanza kabisa, kabla sinia hazijafunguliwa, chakula chake kikae chumbani kimefunikwa, na mtu mzima mmoja, mmoja tu, awe na kazi hiyo. Likiwa la wote halina mwenyewe. Watoto wanawe kabla ya kwenda kucheza, si kabla ya kula tu.

Mjue na dalili: vipele vya ghafla, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukauka, kupumua kwa kukoroma, kutapika, kizunguzungu. Zikigusa pumzi au zikaja mbili tatu pamoja, usikae kutafuta piriton. Hupunguza muwasho, haifungui koo. Kama ana sindano yake ya adrenalini, achomwe pajani mara moja, hata juu ya nguo. Mlaze chali, miguu juu. Anayeshindwa kupumua akae, miguu ikiwa imenyooka. Asisimame wala kutembezwa. Tafuta gari, si bodaboda, maana kumkalisha wima mtu ambaye shinikizo la damu linaporomoka kunaweza kumuua. Nenda hospitali iliyo karibu hata kama ameonekana kupata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa chache baadaye.

*Mafuta ya alizeti ya kukamua hapa kwetu ni salama kwa mwenye mzio wa karanga? Msomaji, Manyoni.*

Alizeti yenyewe, kwa wengi wao, ndiyo. Muulize mkamuaji kama mashine hiyohiyo hukamua karanga au ufuta, na dumu lilikuwa na nini kabla. Mafuta ya kukamua yasiyosafishwa kiwandani hubeba protini ya kila kilichopita mle. Akisita kujibu, nunua yaliyosafishwa, ya chupa iliyofungwa.